Street au Street Touring? Chagua darasa lako la autokrosi kabla hujanunua springi

Ukiingiza gari lako la kila siku kwenye autokrosi ya Marekani, mezani pa usajili hawakuulizi injini yako ina nguvu-farasi ngapi. Wanakuuliza uko darasa gani. Jibu linategemea kila kitu kilichobadilishwa kwenye gari hilo tangu lilipotoka kiwandani, hata kama aliyekibadilisha si wewe.

Nazungumzia mashindano yanayofuata kanuni za SCCA, chama cha magari ya michezo kilichoanzishwa mwaka 1944, ambacho mchezo huu huuita Solo. Wenzetu wengi walioko Texas, Minnesota au Ohio wameuona bila kujua jina lake: koni zimepangwa kwenye maegesho makubwa au uwanja wa ndege wa zamani, magari yanakwenda dhidi ya saa, na mzunguko mmoja unakwisha kwa dakika moja hivi. Muda hupimwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Ukiangusha koni au ukiitoa kwenye alama yake, unaongezewa sekunde 2. Ukikosa geti, mzunguko huo umeupoteza. Aliyezoea autokrosi ya Kenya, ile ya vumbi, kwodi (pikipiki za magurudumu manne) na watoto wa darasa la Bambino, atashangaa kidogo. Kule madaraja hugawanywa hasa kwa kuangalia magurudumu yanayosukuma na kama injini ina tabo (turbo). Huku Marekani mstari kati ya darasa na darasa unaweza kuwa boksi la eaklina.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mtu hununua vifaa kwanza, anafunga, anafurahia mlio wa ekzosi, kisha siku ya kwanza ya mashindano anaambiwa hawezi tena kushindana na magari ya kawaida kama lake. Amepangwa na watu waliotumia fedha mara tano yake. Kwa maoni yangu darasa huchaguliwa kwanza, duka la vifaa baadaye, na kwa mtu anayeanza Street ndilo la kufikiria kabla ya mengine yote.

Kanuni zimepangwa kama ngazi ya makundi, na kila kundi lina madarasa yake ndani. Kuna Street, Street Touring, Street Prepared, Street Modified, halafu Prepared na Modified ambako gari huwa limeacha kabisa kuwa la kwendea kazini. Haya mawili ya mwisho nayaacha. Anayeyahitaji hahitaji ulinganisho wangu.

| | Street | Street Touring | Street Prepared | Street Modified |
|---|---|---|---|---|
| Tairi | la barabarani, namba ya uchakavu (treadwear: ikiwa kubwa, tairi hudumu zaidi) 200 au zaidi | hilohilo, ila upana una kikomo | la mashindano lenye ruhusa ya barabarani | la mashindano lenye ruhusa ya barabarani |
| Rimu | upana wa kiwandani, kipenyo inchi 1 juu au chini | upana hadi kikomo cha darasa | upana wowote | upana wowote |
| Springi | za kiwandani | zozote | zozote | zozote |
| Stabilaiza (chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona) | moja tu, ya mbele au ya nyuma | zote mbili | zote mbili | zote mbili |
| Ekzosi | kuanzia nyuma ya masega (kisafisha moshi) ya mwisho | pamoja na heda (bomba la kwanza linalotoka kwenye injini), masega yabaki | uhuru mkubwa zaidi | uhuru mkubwa zaidi |
| Ndani ya injini | usiguse | usiguse | usiguse | ruksa |

Jedwali hili ni la kukupa mwelekeo tu. Kitabu cha kanuni hutolewa upya kila mwaka na herufi za madarasa huhamahama, kwa hiyo soma toleo la mwaka unaoshindana.

Street: gari kama lilivyo, karibu

Kanuni kuu ya Street ni fupi na kali: kisichotajwa kuwa ruksa ni marufuku. Usitafute sentensi inayokukataza. Tafuta inayokuruhusu, na usipoiona, jibu ni hapana.

Yanayoruhusiwa ni machache lakini yana maana. Tairi unachagua mwenyewe, saizi yoyote inayokaa kwenye rimu yenye upana wa kiwandani, mradi ubavuni mwake pameandikwa uchakavu wa 200 au zaidi. Shokapu unaweza kubadilisha na kuweka za kampuni yoyote, ila marekebisho ya nje yasizidi mawili kwa kila shokapu, na gari lisishuke wala kupanda kutoka kimo chake. Stabilaiza moja unaweza kuibadilisha au kuitoa, ya mbele au ya nyuma, si zote mbili. Pedi za breki ni hiari yako. Chujio la eaklina unabadilisha, boksi lake hapana. Ekzosi unaibadilisha kuanzia nyuma ya masega ya mwisho. Tairi la akiba na jeki unavitoa, na ndio mwisho wa kupunguza uzito: kiti cha nyuma kinabaki, hata kama hakuna aliyewahi kukikalia.

Kompyuta ya injini haiguswi. Springi haziguswi. Alaimenti (mkao wa magurudumu) unaicheza ndani ya kile kiwanda kilichokupa, na hapa ndipo magari huachana sana. Gari linaloweza kupata kemba hasi (gurudumu kulala kwa ndani upande wa juu) ya kutosha likiwa la kiwandani litakula tairi sawasawa na kushika kona. Lisiloweza litakula bega la nje la tairi la mbele msimu mzima, na huna la kulifanya. Kwa hiyo katika Street uamuzi mkubwa unaufanya siku unaponunua gari. Ford Fiesta ST, kwa mfano, kwa miaka mingi limekuwa gari la kuogopwa katika darasa la H Street, ambalo ni la magari madogo ya bei ya chini. Si kwa sababu ya mazungumzo ya mitaani, ni kwamba lilitoka kiwandani likiwa na torki nyingi na mwili mdogo. Mustang GT na Camaro za V8 wako F Street. Ukipanda huko juu kuna Super Street, ambako utazikuta Corvette za kasi zaidi.

Kundi hili halikuwa hivi zamani. Hadi 2013 liliitwa Stock, na jina hilo lilikuwa la kudanganya kidogo, maana magari ya "kiwandani" yalikuwa yanavishwa matairi ya mashindano yaliyokuwa yanakwisha haraka na kugharimu pesa nyingi. Mwaka 2014 SCCA ikabadilisha jina na kuyafukuza matairi hayo. Nadhani ndio uamuzi bora waliowahi kumfanyia mtu mwenye mshahara wa kawaida. Leo tairi lako la mashindano linaweza kukufikisha uwanjani, likashindana, likakurudisha nyumbani.

Lakini usidhani tairi la 200 lina bei ya tairi la Corolla. Wanaotafuta ushindi huvaa Bridgestone RE-71RS au Yokohama A052, na seti ya matairi manne ni dola mia kadhaa hadi zaidi ya elfu, kutegemea saizi. Namba ya 200 huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, na matairi haya mawili huisha haraka kuliko namba hiyo inavyokutia moyo. Anayeanza aende na alilonalo. Tairi la kawaida hulia mapema na kukuonya, jambo ambalo mwanafunzi analihitaji kuliko sekunde moja.

Street Touring: springi zinafunguka, na pochi pia

Hapa ndipo mahali pa mtu anayependa kufunga na kufungua. Springi zozote, kimo unashusha, koilova (shokapu na springi pamoja, zenye kimo cha kurekebishwa) ruksa, sahani za kemba juu ya shokapu ruksa, stabilaiza zote mbili, bushi ngumu mradi si za chuma. Kiti cha dereva kinabadilishwa. Njia ya hewa inabadilishwa hadi kabla ya throto (mlango wa hewa wa injini), heda inafungwa, na kompyuta ya injini inapangwa upya, ila shinikizo la tabo halipandishwi kwa programu. Masega lazima yawepo.

Kinachozuia mambo yasipitilize ni upana wa tairi na rimu. Kila darasa ndani ya Street Touring lina kikomo chake cha milimita. Gari jepesi la zamani lenye injini ndogo linapewa kikomo chembamba, gari zito la nguvu linapewa kipana. Hiyo ni hekima nzuri, kwa sababu mpira ndio unaotoa muda katika autokrosi kuliko injini. Mzunguko una kona nyingi na mara nyingi hutoki gia ya pili.

Gari la Street Touring lililoandaliwa vizuri linapendeza kuendesha kuliko la Street. Kemba unaipata, gari halilali kwenye kona, tairi linaliwa sawasawa. Kuna magari ambayo hayana raha kabisa katika Street kwa sababu alaimenti yake ya kiwandani ni mbaya, na hayo huku yanageuka kuwa silaha. Ukiwa na gari la namna hiyo na unalipenda, ruka Street bila kujilaumu.

Ugumu ni kwamba kundi hili halina nusu. Ukifunga springi tu, umeshahama. Ukifunga njia ya hewa tu, umeshahama. Na unaokutana nao huko wamefunga vyote vinavyoruhusiwa, kwa kuwa kila kisichofungwa ni muda ulioachwa mezani.

Hesabu ya eaklina ya dola mia mbili

Katika mashindano ya mtaa madarasa huwa na watu wachache wachache, kwa hiyo waandaaji hulinganisha madereva wote kwa kizidishio kinachoitwa PAX. Muda wako unazidishwa na namba ya darasa lako, na anayebaki na muda mdogo ndiye mbele. A Modified, magari ya kasi kuliko yote, lina 1.000. Mengine yote yako chini ya hapo, na namba husogea kidogo mwaka hadi mwaka.

H Street iko karibu 0.78. Tuseme umekimbia sekunde 50.000, baada ya kuzidisha una 39.000. Sasa funga boksi la wazi la eaklina, lile la dola mia mbili tatu linalotoa sauti ya kuvuta pumzi. Gari limeingia Street Touring, na darasa lake la magari madogo liko karibu 0.81. Ili ubaki na 39.000 ileile, unatakiwa ukimbie sekunde 48.15. Yaani kifaa hicho kimoja kinatakiwa kikupe karibu sekunde mbili kamili katika mzunguko wa sekunde 50. Hakitakupa hata robo sekunde. Koilova, kemba, rimu pana na tairi sahihi, vyote kwa pamoja, ndivyo vinavyoweza kuzitoa sekunde hizo.

Endelea hadi Street Modified, karibu na 0.86, na unatakiwa ukimbie 45.35. Gari lilelile, dereva yuleyule, sekunde nne na nusu za kutafuta.

Street Prepared na Street Modified, kwa haraka

Street Prepared ni kundi lenye historia nzuri na vijana wachache. Tairi la mashindano kama Hoosier A7, rimu za upana wowote, fenda zinapanuliwa ili tairi lienee. Injini ndani inabaki ya kiwandani. Jambo lake tamu ni ruhusa ya kubadilishana vipuri kati ya miaka ya toleo iliyoorodheshwa pamoja: MX-5 ya 1990 yenye injini ya lita 1.6 inaweza kubeba injini ya lita 1.8 ya matoleo yaliyofuata. Fundi anayefurahia kuchanganya vipuri hivyo atakaa hapo miaka kumi bila kuchoka. Kwa anayeanza simshauri. A7 imetengenezwa ipate joto upesi kwa mzunguko mfupi, si kwa kwendea kazini, kwa hiyo utahitaji seti ya pili ya rimu na njia ya kuzibeba hadi uwanjani.

Street Modified ni ya wale ambao gari lao limeshapita mpaka. Injini nyingine ya kampuni ileile iliyotengeneza gari, tabo mahali ambapo haikuwepo, vyote vinaingia. Uzito wa chini hukokotolewa kwa ukubwa wa injini na magurudumu yanayosukuma, na injini yenye tabo huhesabiwa kama kubwa kuliko ilivyo. Kama una Subaru yenye tabo kubwa na hutaki kurudi nyuma, nyumba yako ni hii. Ingia, furahi, na usitazame sana jedwali la PAX.

Milango ya pembeni

Kuna madarasa yaliyowekwa nje ya ngazi hiyo, na mawili yanastahili kufikiriwa kabla hujafunga hesabu.

La kwanza ni CAM, kwa magari ya misuli ya Kimarekani: Mustang, Camaro, Challenger na wenzao, pamoja na Corvette katika tawi lake. Tairi la 200, uzito wa chini uliowekwa, na baada ya hapo karibu kila kitu ni ruksa. Kanuni zake ni fupi. Mwenye Mustang GT ambaye tayari ameshabadilisha springi na ekzosi ana furaha zaidi huko kuliko kujibana Street Touring. Darasa la XS lina roho kama hiyo kwa magari mengine: tairi la 200, na uhuru mkubwa.

La pili ni Solo Spec Coupe, lililoanza 2018 kwa Toyota 86, Scion FR-S na Subaru BRZ za kizazi cha kwanza. Kila mtu hununua seti ileile ya shokapu, springi na stabilaiza, na anavaa tairi la aina moja. Hakuna anayekushinda kwa pochi. Nikiwa na mtu anayetaka kujua kama yeye ni dereva au ni mnunuzi wa vipuri, hapo ndipo ningempeleka, ila lazima uwe na gari hilo na darasa liwe na watu katika eneo lako. Piga simu kwa klabu ya mtaa kwanza, maana sehemu nyingine darasa hili lina mtu mmoja tu.

Nani atakukagua?

Asubuhi ya mashindano kuna ukaguzi, lakini ni wa usalama: nati za magurudumu, betri imefungwa, kanyagio la breki ni gumu, hakuna chupa ya maji inayozunguka sakafuni, helmeti inakubalika. Gari lenye kimo kirefu na jembamba linaweza kukataliwa kwa hofu ya kupinduka, kwa hiyo usije na gari la juu bila kuuliza. Hakuna atakayefungua eaklina yako kuona ulichoweka.

Darasa unajitangaza mwenyewe. Mwenye kukusahihisha ni mshindani mwenzako, kwa kuweka pingamizi rasmi, na jambo hilo huonekana zaidi Lincoln, Nebraska, ambako fainali za taifa hufanyika kila Septemba na zaidi ya madereva elfu moja hujitokeza. Katika mtaa watu huulizana tu, kwa upole. Ukisema ukweli tangu mwanzo, "nina springi za kushusha, nipangeni panapostahili," utaheshimiwa kuliko mwenye kombe. Klabu nyingi pia zina darasa la wageni ambalo hutumia PAX, kwa hiyo hata ukiwa mgeni unatakiwa kulijua darasa halisi la gari lako.

Gari la mkononi

Hili ndilo linalowasumbua wengi wetu, kwa sababu hatununui magari mapya. WRX au Civic Si ya mkononi mara nyingi imeshapita kwa kijana mmoja au wawili wenye spana. Kabla ya kulipa, pitia kwa utaratibu. Fungua boneti uone kama boksi la eaklina ni la kiwandani. Ingiza mkono nyuma ya gurudumu uone rangi ya springi: nyekundu na bluu mara nyingi si za kiwandani, nyeusi zina nafuu. Angalia chini kama masega yapo, kwani kutokuwepo kwake ni tatizo la kisheria pia, si la darasa tu. Muulize muuzaji kama kompyuta ya injini imewahi kupangwa upya, na usikilize anavyosita.

Ukikuta springi na njia ya hewa tu, piga hesabu ya kurudisha. Vifaa vya kiwandani vilivyotumika ni rahisi kupatikana, kwa sababu kila anayehamia Street Touring ana springi zake za asili zinazokaa gereji zikimsumbua mkewe, na atakuuzia kwa bei ya kahawa kadhaa. Ulizia kwenye klabu hiyohiyo. Ukikuta koilova nzuri, rimu pana na heda, usirudishe chochote: mwenzako ameshalipia Street Touring, wewe ongeza tairi tu. Na ukikuta fenda zimekatwa, bei ishuke sana au uondoke, maana gari hilo haliwezi kurudi Street wala Street Touring bila fundi wa bodi.

Halafu tafuta mtu wa kushirikiana naye gari. Kanuni zinaruhusu madereva wawili gari moja, kila mmoja kwa zamu yake, na gharama ya tairi ikigawanywa mara mbili hata ile A052 inaanza kuonekana ya mtu wa kawaida. Dereva wa pili anakuta tairi limeshapata joto. Mwambie aje na kopo la maji la kulipulizia.